Ulizeni Maktaba: Mezani kwetu Oktoba hii

Barua za mwezi huu zimekuja kama zimeagana. Kusi imelegea, kaskazi haijashika, bahari ya alfajiri imetulia kama maji ya birika, na watu wote ghafla wataka kutishwa. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mhudumu wa maktaba hapa Lamu, mwaka wa 22 huu nagonga muhuri wa tarehe ya kurudisha, na wasomaji wameniita Bi Maktaba hadi jina limeganda. Nayaandika haya kwa nafsi yangu. Ofisi haina habari nayo, na tafadhali isipewe.

*Shikamoo Bi Maktaba. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, sasa naishi Columbus, Ohio, na wanangu wawili, mmoja miaka 15, mwingine 10. Maktaba ya mtaani kwetu imeweka meza ya vitabu vya Halloween na vya majira haya ya majani kupukutika. Kila kitabu kina kikaratasi: mfanyakazi ameandika kwa mkono wake kwa nini yeye alikipenda. Mkubwa akaniuliza, "Mama, kwenu Lamu mezani pangewekwa nini?" Nikakosa la kusema. Nisaidie, na katika vya huku uniambie nimpe kipi. Mama wa wawili.*

Marahaba, mwanangu. Umeniwahi na kikombe cha mkandaa mkononi, kwa hiyo nitasema sana.

Kwanza huko mliko. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na mizizi yake hutafutwa Ireland kwa Waselti wa zamani. Wao walikuwa na sherehe ya Samhain, mavuno yakifungwa na nusu ya giza ya mwaka ikianza, na usiku ule wafu walihesabiwa kuwa karibu. Waairishi walichonga sura za kutisha kwenye tanipu, wakatia moto ndani. Walipohamia Marekani wakakuta boga, kubwa na laini kwa kisu, na tanipu wakaiachia mchuzi. Si ajabu hadithi za kutisha zikaangukia hapo: chakula kimeingia ghalani, jua lakuchwa mapema kila siku, nje baridi. Mtu atafanya nini ila kukaa karibu na moto asikilize habari za waliokwisha kufa?

Sisi jua halituchezei hivyo. Tuko kama digrii 2 kusini ya ikweta, na Magharibi ya Juni na ya Oktoba hazipishani hata nusu saa. Lakini usimwambie kijana kwamba kwetu majani hayapukutiki. Mwambie habari za Mkunguni, uwanja wa mbele ya Ngome. Jina limetoka kwa mkungu, na mkungu haungoji baridi: jani lake pana hugeuka jekundu likiwa bado mtini, kisha hudondoka na kishindo kidogo, kama mtu kaacha kandambili. Jana nimeliokota moja barazani, nusu jekundu nusu kijani, nikalitia ndani ya rejesta kuwa alama ya ukurasa. Na hiyo Ngome yenyewe, iliyoanzwa mwaka 1813 ikamalizika 1821, nilipokuwa msichana ilikuwa jela. Ilikuwa jela hadi 1984. Tulipita pale kwa mbio tukitoka chuoni, juzuu kifuani, kila mmoja akiapa kasikia minyororo. Sasa nadhani zilikuwa ndoo za maji.

Basi meza. Cha kwanza ningeweka Inkishafi, na najua utashtuka, maana wewe na mimi tulifunzwa utungo ule kama mawaidha. Usome tena usiku. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga miaka kama 200 iliyopita, na aliyekuwa akimkanya ni moyo wake mwenyewe. Anautembeza katika majumba ya Pate, yaliyokuwa na taa zikiwaka usiku kama mchana, watu wamejaa, sahani za kigeni zimepangwa kwenye madaka ya ukuta. Halafu anaurudisha mahali palepale baada ya wenyewe kuondoka. Kwenye madaka wamelala makinda ya ndege. Makinda ya popo yananing'inia juu. Bumu, ndiye bundi, anakoroma katikati ya nyumba. Hakuna zimwi wala damu, ni sauti za waliobaki tu.

Nilikuwa na miaka 12 nilipotumwa kufuata kasha la nguo katika nyumba ya jamaa waliokuwa wamehamia Mombasa. Nyumba ya mawe, ya zamani, imefungwa miezi. Ufunguo ulikuwa mzito kuliko mkono wangu. Ndani kabisa palikuwa na ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu, na katika kila kidaka duara jeusi la vumbi pale sahani ilipokuwa imesimama. Nikasimama nikizihesabu. Katika cha chini kulikuwa na manyoya. Sikusikia kitu, ila nilijua sipo peke yangu, na kasha sikulichukua. Miaka mitatu baadaye mwalimu alipotusomea beti zile darasani, wenzangu walikuwa wakipiga miayo, mimi nimeshika dawati. Kikaratasi changu juu ya kitabu hicho kingesema hivi tu: "Usiusome ndani ya nyumba tupu."

Cha pili ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Watu hukiweka rafu ya maadili kwa sababu ya jina lake. Mimi nakiweka rafu ya kutisha kwa sababu ya nyani wawili wanaochapwa viboko kila usiku na mtu ambaye mchana hana mfano kwa wema. Nyani hao ni nduguze, wamegeuzwa na jini, na jini ndiye aliyeamrisha viboko. Mna pia mji mzima ambao watu wake wamekuwa mawe, kila mmoja katika shughuli yake. Mtoto wa miaka 10 ataumaliza mji huo na mdomo wazi.

Katika vya huko, mkubwa mpe Frankenstein wala usihofu. Mary Shelley alikianza akiwa na miaka 18, yaani miaka mitatu tu mbele ya mwanao. Ilikuwa mwaka 1816, kando ya ziwa la Geneva, kiangazi ambacho hakikuwa kiangazi: mwaka wa nyuma mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka, majivu yakapanda juu, na Ulaya ikawa na baridi na mvua isiyokwisha. Wageni wa nyumba wakafungiwa ndani, wakashindana kutunga hadithi za mizuka. Kitabu kikachapwa London mwaka 1818 bila jina lake. Mwambie kijana asije akakosea mbele ya mwalimu: Frankenstein ni yule mwanafunzi aliyeunda kiumbe, kiumbe chenyewe hakikupewa jina. Na kuna jambo mimi, kwa kazi yangu, siwezi kulisahau. Kiumbe kile kilijifunza lugha kwa kuchungulia familia maskini kupitia ufa wa ukuta, kisha kikaokota mfuko wa vitabu msituni kikavisoma vyote. Angekuja hapa ningemfungulia kadi.

Dracula ya Bram Stoker, yule mzaliwa wa Dublin, mngoje afike miaka 17. Sababu si damu, ni urefu: ni barua na shajara kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtoto huchoka kabla hajaogopa.

Na usiku mmoja zima taa uwasimulie wote wawili, kwa Kiswahili, ile hadithi fupi ya mkono wa nyani. W. W. Jacobs aliitoa mwaka 1902. Baba yake alisimamia gati kwenye mto wa London, na yeye mwenyewe alizoea kuandika habari za mabaharia, ndiyo maana mimi humwona kama mtu wa pwani. Mkono mkavu wa nyani, matakwa matatu. Mzee anaomba paundi 200. Zinakuja kesho yake, zikiletwa na mtu wa kiwandani: ni za kumfuta machozi, mwanawe amenaswa na mashine. Siku zinapita, mama anamshurutisha mzee aushike mkono ule aombe mwana arudi. Halafu mlango unabishwa. Aliyekuwa nje mwandishi hatuonyeshi hata mara moja. Mimi niliisimulia kwa wapwa zangu stima imekatika, na nilipofika kwenye kubisha hodi, punda mmoja wa mtaani akajikuna ubavu kwenye mlango wetu. Mpwa wangu wa kiume, ambaye sasa ni nahodha, alipanda juu ya friji.

*Bi Maktaba, salamu. Nafundisha Kiswahili Malindi. Wanafunzi wakikutana na majira ya Ulaya yanayofuata kiangazi chao, wanaandika "vuli". Niwakate alama?*

Usiwakate, mwalimu, ila waulize. Vuli yetu ni mvua, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na ikija vizuri shamba la Malindi linakuwa kijani. Yale ya wenzetu wa kaskazini huanza tarehe 22 au 23 Septemba, usiku na mchana vikilingana, na kuanzia hapo miti yao huvua. Mtoto akiandika "vuli ilipoingia Boston majani yakawa mekundu", nampitisha. Akiandika "vuli ilipoingia Malindi majani yakapukutika", nampa jembe akaone. Mimi hutumia majira ya kupukutika majani. Ni marefu, lakini hayamdanganyi mtu.

*Habari ya huko Bi. Naendesha boda kati ya Malindi mjini na Gede. Mtalii mmoja aliniuliza kama kweli magofu yale yana mizimu, nikamwambia nimewaona kwa macho yangu, akanipa bakshishi nzuri. Sasa dhamira inanisuta. Nataka kusoma ukweli wake. Usiku nina kama saa moja kabla ya kulala.*

Bakshishi kula, mdogo wangu, na hukusema uongo wote. Hata James Kirkman, Mwingereza aliyepachimba kuanzia 1948 hadi 1958, aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi kuna kitu au mtu akimtazama kutoka nyuma ya kuta, si kwa uadui wala kwa urafiki. Naye alikuwa mtu wa kupima kwa futi na kuhesabu vigae.

Ripoti zake zipo katika baadhi ya maktaba, kwa Kiingereza, na ni kavu kama papa wa kaskazi. Zisome kama kesi ya upelelezi, utaziona zikilainika. Mji wa mawe katikati ya msitu, una jumba la mfalme, msikiti mkubwa, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mchangani mnatoka vigae vya Kichina na shanga za Venice. Kufika karne ya 17 watu wamehama. Nani kawafukuza? Kuna wanaowashika wavamizi. Kuna wanaoshika maji, na hao wana kisima kilichozidishwa kina kama shahidi wao. Mwaka 2024 UNESCO wameutia mji huo katika urithi wa dunia, kwa hiyo watalii wataongezeka na maswali pia. Jibu lenye visima linalipa kuliko la mzimu, jaribu uone.

Ukitaka cha kutunga, saa yako moja ya usiku inatosha kwa Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka 2001. Mkubwa mmoja aliyeshiba anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa. Babu hakuja kutisha, amekuja kuuliza, na hapo ndipo kitabu kinapokaba. Kisha soma Walenisi cha Katama Mkangi, ambaye alikuwa mwenyeji wa Kilifi kama wewe: mtu amehukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo arushwe angani, anashuka kwa watu asiowajua. Nakutajia hicho kwa sababu kila nikikitoa kwa vijana wa boda hawakirudishi kwa wakati.

Na ukiwa pale Gede, linalokimbia juu ya kuta zile saa kumi jioni ni kima. Hilo usimwambie mtalii mpaka alipe.

*Assalaam aleikum Bi Maktaba. Binti yangu ana miaka 9. Tangu umsimulie hadithi ya nunda siku ya watoto pale maktabani, halali. Na sisi nyumbani tuna paka wanne. Baba wa hapa hapa mjini, umenijua.*

Waaleikum salaam. Nimekujua, na samahani.

Wasomaji wengine nao wajue nilichofanya. Nunda mla watu ni hadithi ya zamani ya Unguja, Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika mkusanyiko wake. Sultani ana paka anayempenda. Paka akala mnyama wa watu, wakaja kushtaki, sultani akasema paka wangu, na mnyama wangu. Akala mkubwa zaidi, jibu lile lile. Akawa nunda, akala watu, jibu lile lile, hadi siku alipowala wana wa sultani mwenyewe. Kosa langu ni kwamba nilimaliza hapo, kwa sababu saa sita ilikuwa imegonga na wazazi wako mlangoni. Watoto 30 niliwatoa jua kali na nunda akiwa hai! Huo si usimulizi, ni ukatili, na hapa Lamu, mji ambao paka ndio wenye njia, ni ukatili mara mbili.

Fanya hivi leo, mchana, baada ya chakula. Mmalizie. Mwana wa mwisho wa sultani, yule ambaye hakuna aliyemdhania, anatoka kuwinda nunda asiyemjua hata sura. Anaua mbwa, anamburuta nyumbani akiimba, mama, huyu ndiye nunda mla watu? Mama anamjibu kwa wimbo, mwanangu, siye huyo. Anarudi porini, analeta mnyama mkubwa zaidi, mama anaimba vile vile. Huyo pia siye. Hapo mwachie binti awe mama. Wewe uburute mto wa kitandani ukumbini, umwulize, naye akukatalie. Lete mto, lete mkeka, lete kiti. Atakukatalia kwa raha zote. Kufikia mnyama wa tano atakuwa anataka nunda mwenyewe aje. Akija, muueni.

Paka wanne walale nje kwa juma moja tu, kisha warudisheni.

*Je, kusoma vitabu vya majini na mashetani ni haramu? Nauliza tu. Msomaji, Shela.*

Hilo la shehe, mwanangu, mimi ni wa rafu. La rafu ni hili: vinavyoazimwa hapa Ramadhani ikiisha, kabla hata ya vyakula na mapenzi, ni vya majini. Halloween yenyewe siisherehekei na sitakwenda kubisha milango ya watu niombe peremende. Kitabu ni jambo jingine.

*Bi Maktaba mpendwa. Nasimamia maktaba ndogo ya shule Mombasa, chumba kimoja, kabati nne. Nimesikia habari za vikaratasi vya wafanyakazi huko ng'ambo na ningependa kujaribu Oktoba hii. Mimi ndiye mfanyakazi wa pekee. Naanzaje?*

Wewe wa pekee ndiye bora, dada. Sisi hapa ni watatu, na mwaka jana tulipojaribu, nusu ya vikaratasi ilikuwa imenakiliwa kutoka nyuma ya majalada. "Riwaya yenye kusisimua na kuelimisha." Hakuna mtoto aliyewahi kunyoosha mkono kwa sababu ya kuelimishwa.

Andika ulipokuwa ulipokisoma, na mwili wako ulifanya nini. Hayo tu. Kwa Mashetani, ile tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1971, niliandika: "Vijana wawili wanacheza mmoja awe shetani, mwingine binadamu. Mimi nilitaka mchezo ukome ukurasa wa tano." Kikachukuliwa siku hiyo hiyo na msichana wa kidato cha pili, na mamake akaja kukirudisha akiwa amekisoma yeye. Mwenzangu kijana, ambaye hapendi kuandika, aliweka juu ya kitabu kimoja: "Usiku. Kisima. Basi." Nikamcheka. Kimetoka mara nne.

Usisifu usichokimaliza, kwani mtoto wa kwanza atakayekiazima ndiye atakayekuuliza mwisho wake. Usiandike "kinatisha sana", mwachie yeye aseme. Na usigundishe kwa selotepu! Mvua za vuli zikianza na chumvi hii yetu ya hewani, selotepu inageuka manjano, inaachia utomvu, na ukurasa unatoka nayo. Kata karatasi ngumu, ile ya maboksi ya chaki inafaa, uichomeke katikati ya kurasa itokeze kichwa kama mlingoti wa mashua. Meza nayo isiwe mbele ya dawati lako. Watoto hawachagui vitabu vya kutisha huku wanatazamwa. Iweke pembeni, karibu na dirisha, ujifanye una kazi.

Vitabu 12 vinatosha. Kwa kabati nne, nane.

*Bi Maktaba. Mwezi wa Agosti niliazima kwako Kisima cha Giningi. Nilikwenda nacho baharini siku tatu. Kufika mwisho, kurasa hamna, zimechanika. Niliporudi nikakuuliza mkosaji ni nani, ukanitajia jina, tena ukacheka. Nikawahadithia mabaharia wenzangu. Sasa shemeji yangu wa Mombasa ana nakala nzima, anasema siye. Nimeitwa mwongo ndani ya mashua yangu mwenyewe.*

Ami, niwie radhi. Shemeji yako kasema kweli.

Niliyekutajia ni wa kitabu kingine cha Bwana Msa, yule mpelelezi. Kile cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, nilikisoma nikiwa mwari, na Kisima nilikisoma juma lililofuata, na kwa miaka yote hii vimelala kichwani mwangu kama dagaa katika tenga moja. Mohamed Said Abdulla, mwandishi wa vyote viwili, naye ana lawama kidogo. Kile cha kwanza kilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, kikachapwa 1960, na baada ya hapo akaendelea kutuletea mtu yule yule na kiko chake mdomoni, Najum ubavuni, akiingia mahali ambapo kila mtu anasema ni mzimu, ni uchawi, msikaribie. Giningi si ni ule mji wa wachawi unaotajwa Unguja na Pemba? Basi unaogopa pamoja na wanakijiji kurasa 100, kisha Bwana Msa anakohoa, anauliza maswali mawili ya kawaida kabisa, na unaona hapakuwa na mchawi, palikuwa na mtu. Mtu mwenye tamaa, tena uliyekunywa naye chai sura ya pili. Huyo ndiye hunitia baridi mimi. Jini nitamsomea Kursi. Jirani nitamsomea nini?

Nimekuagizia nakala nzima kutoka tawi jingine, itafika na basi la Jumanne. Sitaki faini ya siku zilizopita. Waite mabaharia wako barazani kwetu Alhamisi baada ya Asri, kahawa juu yangu, uwasomee mwenyewe sura ya mwisho kwa sauti, nami nitakuwepo nikubali kosa mbele yao.

Kuhusu kurasa zenyewe, nimehesabu mabaki ya mshono: ni 11. Hazikuchanika, zimekatwa kwa wembe, vizuri kabisa, na mtu aliyetaka mwisho uwe wake peke yake. Rejesta ninayo mbele yangu, na walioazima kabla yako ni saba, wote nawajua kwa majina ya baba zao. Siwataji. Dirisha la nyuma, lile la upande wa mskiti, huwa sifungi komeo hadi saa kumi na mbili. Aliyenazo azipitishe hapo.